Dagaa wa giza na dagaa wa mbalamwezi: fumbo la bei linavyofumbuliwa

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nashuka soko la Deep Sea hapa Tanga alfajiri, mkononi kauntabuku ya kwaya mbili. Niliandika vitu viwili tu: ndoo ngapi za dagaa zimeshushwa, na mnada umefunga kwa bei gani. Nilikuwa na swali dogo. Ndoo ikipanda shilingi elfu moja, wanunuzi wa hapa wanapunguza ndoo ngapi?

Daftari lilipojaa nikachora grafu. Bei mhimili mmoja, ndoo mhimili wa pili, nukta moja kwa kila siku. Nilitarajia mstari unaoteremka, kama tulivyofundishwa shuleni: bei juu, manunuzi chini. Nikapata nukta zilizotapakaa kama nzi kwenye jamvi. Ukizitazama kwa jicho la huruma, zilikuwa zinateremka kidogo. Ukizitazama kwa jicho la mkaguzi, hazikuwa zinakwenda popote. Zilikuwepo hata siku ambazo bei ilikuwa juu na bado dagaa walikwisha kabla jua halijachomoza vizuri.

Nilimwonyesha mama mmoja anayekaanga dagaa pale sokoni, mtu mzima, mteja wa mnada kila siku iendayo kwa Mungu. Akafuta mkono kwenye kanga, akalishika daftari mbali na karai ili mafuta yasilirukie, akapitisha kidole kwenye safu zangu mbili.

"Mwanangu, mwezi uko wapi humu?"

Nikamwonyesha tarehe pembeni.

"Hiyo ni tarehe ya mshahara. Nauliza mwezi."

Bila kujua, mama yule aligusa penye kiini cha utafiti ambao wachumi wamekuwa wakihangaika nao kwa karibu miaka mia, na ambao mwaka 2021 ulichangia kuwapa watu wawili tuzo ya Nobel ya uchumi. Ilitangazwa siku 4 tu baada ya mwana wa Unguja kutunukiwa ile ya fasihi, kwa hiyo huku pwani hakuna aliyekuwa na masikio ya habari nyingine. Nitajaribu kuufafanua utafiti huo kwa dagaa, kwa sababu hata wenyewe waliutumia kwa samaki.

Tatizo la daftari langu ni hili. Tuseme leo bei imepanda. Kwa nini? Huenda dagaa wamekuwa haba. Au huenda wapo kama kawaida, ila wanunuzi wameongezeka: kuna shughuli mjini, au lori la mfanyabiashara wa bara limeegesha tangu usiku. Sababu hizo mbili zote zinapandisha bei, lakini kwa ndoo zinafanya mambo yaliyo kinyume. Ya kwanza inapunguza ndoo zinazouzwa, ya pili inaziongeza. Daftari linaandika matokeo, haliandiki sababu. Kila nukta kwenye grafu yangu ilikuwa mahali ambapo mistari miwili imekutana asubuhi hiyo, mstari wa wauzaji na mstari wa wanunuzi, na mistari yote miwili hailali mahali pamoja siku mbili mfululizo. Alfred Marshall, mchumi wa Uingereza, aliandika mwaka 1890 kwamba kuuliza kama bei inaamuliwa na mnunuzi au na muuzaji ni sawa na kuuliza ni ubapa upi wa mkasi uliokata karatasi, wa juu au wa chini. Mfano mzuri. Lakini Marshall alituachia mkasi uliofungwa. Sisi tunataka kuuona ubapa mmoja peke yake.

Hapa ndipo hisabati inapoingia, na haihitaji zaidi ya kidato cha pili. Namba zifuatazo nimezipanga mwenyewe ili hesabu itoke safi. Msiende nazo mnadani.

Chukua siku nne. Siku ya kwanza ni ya usiku wa giza na mji umetulia: zimeuzwa ndoo 60 kwa elfu 30 kila moja. Siku ya pili ni ya mbalamwezi, mji bado umetulia: ndoo 40 kwa elfu 40. Siku ya tatu ni ya giza lakini wanunuzi wamefurika: ndoo 70 kwa elfu 40. Siku ya nne ni ya mbalamwezi na wanunuzi wamefurika: ndoo 50 kwa elfu 50. Ukiuliza kwa nini siku ya tatu zimeshuka ndoo 10 zaidi ya siku ya kwanza ilhali zote ni za giza, jibu liko kwenye simu: nahodha akisikia Tanga kuna wanunuzi wa maana, anageuza chombo kilichokuwa kinaelekea Kigombe.

Sasa jifanye mimi wa daftari la kwanza, sijui mwezi wala sherehe. Nikilinganisha siku ya kwanza na ya tatu, bei imepanda elfu 10 na ndoo zimeongezeka 10, kana kwamba watu wa Tanga hupenda kitu kikiwa ghali. Nikilinganisha ya pili na ya tatu, bei ni ileile, ndoo ni 40 na 70. Basi nachukua nukta zote nne na kupitisha katikati yake mstari ule unaozikaribia kuliko mstari mwingine wowote, kama kompyuta inavyofanya ukibonyeza. Mstari unaniambia: kila elfu moja ikiongezeka, zinapungua nusu ndoo. Nusu ndoo tu. Ningekuwa dalali ningeshangilia. Pandisha bei, hawatakimbia!

Halafu nilete mwezi. Siku mbili za giza, wastani wa bei ni elfu 35 na wastani wa ndoo ni 65. Siku mbili za mbalamwezi, wastani ni elfu 45 na ndoo 45. Kutoka giza kwenda mbalamwezi bei imeongezeka elfu 10 na ndoo zimepungua 20. Yaani kila elfu moja inaondoa ndoo 2, mara nne ya jibu la mwanzo. Na hilo la pili ndilo la kweli. Nalijua kwa sababu namba nilizitunga mimi, na nilizitunga kwa wanunuzi ambao hupunguza ndoo mbili kwa kila elfu.

Kwa nini mwezi umeona kilichofichika kwenye mstari wa kompyuta? Kwa sababu pande zote mbili, ya giza na ya mbalamwezi, zina siku moja tulivu na siku moja ya sherehe. Sherehe zimelingana, zikafutana. Kilichobaki kinachotofautisha pande hizo ni mwezi, na mwezi umewagusa wavuvi tu. Umeusukuma mstari wa wauzaji huku wa wanunuzi umekaa palepale, na mstari mmoja ukisogea juu ya mwingine uliotulia, makutano yao yanauchora ule uliotulia. Wanunuzi wamejichora wenyewe kwa kuachwa peke yao.

Wachumi wana jina lao la kitu kama mwezi katika hesabu hii, jina linalomaanisha ala au chombo cha kazi. Mimi nitauita mkono wa nje. Unatoka nje ya soko, unasukuma upande mmoja, na upande wa pili hauna habari nao.

Wa kwanza kuliandika wazo hili kwa ukamilifu alikuwa Mmarekani Philip Wright, mwaka 1928, katika nyongeza iliyowekwa mwishoni mwa kitabu kuhusu ushuru wa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mahali pa kuficha hazina hapo! Baba huyu alikuwa mwalimu, mchumi na mshairi kwa pamoja. Mwanawe, Sewall, alikuwa bingwa wa urithi wa viumbe aliyefuga simbilisi kwa maelfu na kubuni njia yake mwenyewe ya kuchora sababu na matokeo kwa mishale. Kwa miaka mingi watu walibishana: nyongeza ile ni ya baba au ya mwana? Mwaka 2003 wachumi James Stock na Francesco Trebbi walihesabu jinsi kila mmoja wao alivyozoea kutumia maneno madogomadogo ya lugha yake, wakalinganisha na nyongeza, na ushahidi ukaelekea kwa baba. Jina la ala lenyewe lilikuja baadaye, miaka ya 1940, kutoka kwa Mnorwe Olav Reiersøl.

Samaki nao wakaingia kupitia New York. Mchumi Kathryn Graddy alikusanya bei na kiasi cha aina moja ya samaki mweupe wa bei nafuu kutoka kwa muuzaji mmoja wa soko la Fulton, siku 111, kuanzia Desemba 1991 hadi Mei 1992. Mkono wa nje haukuwa mwezi, ulikuwa dhoruba: mawimbi na upepo kule baharini siku za nyuma yake. Bahari ikichafuka boti hazivui, na mla samaki aliyeketi mgahawani mjini hana habari na wimbi lililo maili nyingi kutoka ufukweni. Mwaka 2000 Graddy, Joshua Angrist na Guido Imbens walichapisha uchambuzi wa takwimu hizo, na Angrist na Imbens ndio wale wa tuzo ya 2021, pamoja na David Card aliyepewa nusu yake kwa kazi ya soko la ajira. Mstari wa kawaida uliwaonyesha wanunuzi wasiojali sana bei: bei ikipanda asilimia 10, manunuzi yanapungua kama asilimia 5. Dhoruba ikasema takriban asilimia 10. Kwa New York tofauti ilikuwa mara mbili hivi. Katika siku zangu nne ni mara nne. Kosa linaelekea upande uleule.

Tanga hatuhitaji kusubiri dhoruba. Dagaa wa hapa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Chombo kinatia nanga gizani, taa inawashwa, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, ringneti inawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kamili bahari nzima ina taa, na taa ya mvuvi haina tena cha kumvuta nacho dagaa. Wanatawanyika. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu mabaharia wengi utawakuta pwani wanashona nyavu, wanapaka boti rangi au wamekwenda kwao kusalimia.

Na si jambo la kuwasha na kuzima. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kutua jua linapochomoza, kwa hiyo unakula usiku mzima. Lakini kila siku inayofuata huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika 50. Siku tano baada ya mwezi kukamilika, mvuvi anapata saa nne hivi za giza mwanzoni mwa usiku kabla mwezi haujatokeza. Anakwenda, anavua haraka, anarudi. Kwa mtu wa hesabu hii ni neema: mkono wa nje hausukumi mara moja tu kwa mwezi, unasukuma kidogokidogo, na kila usiku unampa nukta mpya.

Pweza wana mwendo mwingine kabisa, na ukichanganya mwendo huo na wa dagaa utaharibu hesabu. Pweza huchokolewa mwambani maji yanapokupwa sana, na maji hukupwa sana wakati wa bamvua, saa nne hivi za asubuhi. Bamvua haiji mara moja kwa mwezi mwandamo bali mara mbili: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Sababu yake inafaa kuelezwa taratibu, maana watu wengi hudhani ni mwezi peke yake unaovuta maji.

Jua nalo linavuta. Uzito wake ni kama mara milioni 27 ya mwezi, lakini liko mbali kama mara 390 kuliko mwezi. Kinachoinua maji si uvutano wenyewe, ni tofauti ya uvutano kati ya upande mmoja wa dunia na upande wa pili, na tofauti hiyo hupungua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Zidisha 390 kwa 390 kwa 390, unapata takriban milioni 59. Gawanya 27 kwa 59: 0.46. Basi jua linavuta maji kwa kidogo chini ya nusu ya nguvu ya mwezi. Jua, mwezi na dunia vikipangana mstari mmoja, nguvu zinajumlishwa: 1.46. Mwezi ukikaa pembeni, nusu duara, zinapunguzana: 0.54, na hayo ndiyo maji mafu. Na kwa kuwa maji hutuna pande zote mbili za dunia, ule ulioelekea mwezi na ule wa nyuma yake, haijalishi mwezi uko upande wa jua au upande wa pili. Mpevu au mwandamo, bamvua ni bamvua.

Faida ya hili kwa daftari ni kubwa. Mtu anaweza kupinga: mbalamwezi ikifika, pweza wanakuwa wengi na rahisi, wanunuzi wanahama dagaa, kwa hiyo mwezi umegusa wanunuzi na mkono wako si wa nje tena. Pingamizi la haki. Jibu ni kulinganisha siku za mwezi mpevu na siku za mwandamo, si na siku za katikati. Pande zote mbili zina bamvua, pweza wamejaa kotekote, wanafutana kama zile sherehe. Inayobaki ni taa tu.

Mshahara je? Nao unafutana, ila unahitaji subira. Mwezi mwandamo una siku 29.53, mwezi wa mshahara kwa wastani una siku 30.44. Kila mwezi mbalamwezi inarudi nyuma karibu siku moja kwenye kalenda ya ukutani, na baada ya miezi 33 hivi imezunguka tarehe zote za mshahara, za kupata na za kuishiwa. Daftari la miezi mitatu halitoshi. Nililia kidogo nilipopiga hesabu hiyo.

Lakini pingamizi lililonikosesha usingizi ni jingine, na sidhani lingemjia mtu wa soko la Fulton. Kule dhoruba haina kalenda. Huku kwetu mwezi ndio kalenda. Tanga ni mji wenye Waislamu wengi, na jiko la Muislamu linafuata mwezi uleule unaofuatwa na ringneti. Ramadhani nzima ulaji unageuka: mchana majiko yamelala, magharibi ni futari, na dagaa si chakula cha kwanza kufikiriwa. Hilo ni rahisi; unautoa mwezi mzima kwenye hesabu. Idd el-Fitri inaangukia mwandamo, siku ya giza kamili, na Idd el-Haji tarehe 10 mfungo tatu, mwezi ukiwa unakaribia kujaa. Siku hizo watu wanataka nyama. Unazitoa. Maulidi, tarehe 12 mfungo sita, inakaribia kabisa mwezi mpevu, na ni siku ya pilau. Unaitoa pia.

Halafu kuna zile siku nyeupe. Tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi mwandamo ni sunna kufunga, na wapo wanaofunga, hasa watu wazima. Tazama zinapoangukia: katikati kabisa ya mbalamwezi, kila mwezi, si mara moja kwa mwaka. Hizi huwezi kuzitoa, kwa sababu ukizitoa umeutoa mwezi mpevu wenyewe. Ikiwa wafungaji hawanunui dagaa wa mchana, basi mwezi umegusa mistari yote miwili: umewazuia wavuvi na papo hapo umewapunguza walaji. Bei ya mbalamwezi haitakuwa imepanda kama ambavyo ingepanda kwa uhaba peke yake, ndoo zitakuwa zimepungua zaidi, na hesabu itawaonyesha wanunuzi wa Tanga ni waoga wa bei kuliko walivyo.

Hakuna fomula ya kuliondoa hili. Watu wengi wakiona alama za hisabati hudhani kila kitu kimethibitishwa kwa namba. Sharti la kwanza la mkono wa nje, kwamba unawasukuma wauzaji, unalipima kwa takwimu: je, ndoo zinapungua mbalamwezi au hazipungui? Sharti la pili, kwamba hauwagusi wanunuzi kwa njia nyingine, haliko ndani ya takwimu. Unalijua kwa kuujua mji. Kwa hiyo nilirudi kwa mama wa karai kumuuliza kama siku nyeupe wateja wanapungua. Akafikiri. Wanaofunga, akasema, ni wazee, nao hawanunui dagaa wa kukaanga hata wakila, meno hayataki. Wateja wake ni wanafunzi, bodaboda na mafundi. Si ushahidi wa kuupeleka kwenye jarida la kitaaluma, lakini ni aina ya ushahidi unaotakiwa, na nimesoma makala za wasomi zilizotetea mkono wao wa nje kwa hoja dhaifu kuliko meno ya wazee.

Dagaa mkavu ni shida nyingine ambayo sijaimaliza. Mbichi huharibika siku hiyohiyo, lakini aliyeanikwa kwenye chanja anasubiri. Mfanyabiashara anayejua kwamba mbalamwezi inakuja, na nani asiyejua, ananunua kwa wingi wakati wa giza, anaanika, anauza mwezi ukiwa mpevu. Giza limeongezewa wanunuzi, mbalamwezi imepunguziwa. Dhoruba inamshtukiza kila mtu. Mwezi haumshtukizi hata mtoto. Kwa sasa nimeamua kuandika tu ndoo zinazokwenda kukaangwa, na ndoo za chanja nimezipa safu yake.

Kuna jambo moja ambalo Angrist na Imbens walilisisitiza, nalo ndilo husahaulika kuliko yote. Mkono wa nje unaeleza juu ya wale tu unaowasukuma. Katika siku zangu nne mwezi umeisogeza bei ya wastani kati ya elfu 35 na elfu 45. Basi ndoo 2 kwa kila elfu ni habari za wanunuzi katika eneo hilo. Ukiniuliza itakuwaje ndoo ikifika elfu 90, mwezi haujawahi kunifikisha huko, siwezi kujibu. Vivyo hivyo kama kuna boti kubwa zenye taa kali zinazovua mbalamwezi kama giza, mwezi hauzigusi, na jibu langu halizihusu.

Tukikubali hayo yote, jibu lenyewe lina kazi gani? Rudi kwenye siku nne. Siku za giza mapato ya mnada ni milioni 1.8 na milioni 2.8, wastani milioni 2.3. Siku za mbalamwezi ni milioni 1.6 na 2.5, wastani milioni 2.05. Ndoo zimepungua kwa karibu theluthi, lakini fedha iliyofika kwa wavuvi kwa ujumla imepungua asilimia 11 tu. Bei imebeba sehemu kubwa ya hasara, na bei inalipwa na mlaji. Kila unapokuja mjadala wa kupumzisha uvuvi ili dagaa wazaliane, swali la nani ataumia ni swali hilihili. Katika mji wangu wa kubuni aliyenyimwa zaidi si mwenye boti, ni anayenunua fungu la kukaanga. Na mwenye daftari lisilo na mwezi, aliyepata nusu ndoo kwa elfu, angewaahidi wavuvi kwamba wakivua kidogo watatajirika.

Sasa daftari langu lina safu sita: tarehe ya mshahara, tarehe ya mwezi, ndoo za karai, ndoo za chanja, bei, na upepo. Ya upepo niliiongeza kwa ajili ya kusi, maana unapovuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, unakuwa mkono wa nje wa pili, na ukiwa na mikono miwili unaweza kuangalia kama inatoa jibu moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari yake, upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2, na mwenye ngalawa haendi.

Asubuhi moja ya tahadhari kama hiyo nilishuka sokoni, giza lilikuwa zuri, mwezi haupo kabisa, na boti zote zimelala kifudifudi mchangani. Nikafungua daftari. Ndoo: sifuri. Bei nikakwama. Sifuri siyo, maana dagaa hawakuwa wa bure. Nikiacha wazi, kompyuta itaitupa siku hiyo, na siku yenye uhaba kuliko zote, ambayo ingenifundisha mengi kuliko nyingine, itakuwa kana kwamba haikuwahi kuwepo. Nikaenda kwa mama wa karai. Karai lilikuwa limefunikwa ukutani, na jikoni ameinjika sufuria.

"Shikamoo mama. Leo hapa kwenye bei niandike nini?"

"Marahaba. Andika leo maharage."